Kiingereza cha Kaoyan: Historia ya Mtihani wa Kusoma nchini China

Kaoyan ni mtihani wa taifa wa kuingia masomo ya uzamili nchini China. Hufanyika mwishoni mwa Desemba kila mwaka, Jumamosi na Jumapili. Asubuhi ya siku ya kwanza ni karatasi ya siasa, mchana ni lugha ya kigeni. Siku ya pili ni masomo ya fani, pamoja na hisabati kwa wanaoelekea kwenye uhandisi, uchumi na baadhi ya sayansi. Kwa fani nyingi jumla ya alama ni 500: siasa 100, lugha ya kigeni 100, na karatasi mbili za siku ya pili 150 kila moja. Kirusi na Kijapani vinaruhusiwa, lakini walio wengi hufanya Kiingereza. Wageni, wakiwamo wanafunzi wa Afrika Mashariki wanaokwenda huko kwa ufadhili wa serikali ya China, hupokelewa kwa utaratibu mwingine.

Karatasi ya Kiingereza ya mtihani huu inatofautiana na mitihani mingi ya lugha kwa jambo moja: mtahiniwa hasikilizi wala hasemi. Kwa saa tatu husoma, huchagua majibu, hutafsiri na kuandika. Tabia hiyo ina chanzo chake. Mtihani ulipoanzishwa upya mwishoni mwa miaka ya 1970, serikali ilihitaji wataalamu watakaoweza kusoma majarida ya sayansi kutoka nje, na Kiingereza kikapimwa kwa haja hiyo. Tangu hapo idadi ya watahiniwa imepanda kutoka makumi ya maelfu hadi mamilioni, na sababu zinazowapeleka mtihanini zimebadilika, lakini kipimo kimebaki kuwa usomaji. Juu yake umejengeka utamaduni mzima wa kukariri maneno, kuchambua aya na kuuza vitabu vya mazoezi.

Mizizi ya kale

China ilikuwa na mazoea ya mitihani ya taifa kwa takriban miaka 1,300 kabla ya Kiingereza kupata nafasi humo. Tangu enzi ya nasaba ya Sui, watumishi wa dola walipatikana kwa mitihani iliyohusu vitabu vya kale vya Kikonfusio. Mfumo huo ulifutwa mwaka 1905, lakini uliacha imani iliyokita: kwamba mtoto wa mtu asiye na jina anaweza kupanda ngazi kwa kukariri maandiko na kuyajibia maswali, na kwamba mtihani ulio sawa kwa wote ni njia ya haki kuliko kujuana.

Kiingereza kiliingia kwa mlango wa diplomasia. Mwaka 1862, baada ya kushindwa katika vita na Uingereza na Ufaransa, dola ilifungua jijini Beijing shule ya wakalimani iliyoitwa Tongwen Guan. Kiingereza kilikuwa lugha ya kwanza kufundishwa hapo. Kifaransa na Kirusi vikafuata mwaka uliofuata. Mwaka 1902 shule hiyo iliunganishwa na chuo kikuu kilichokuja kujulikana kama Chuo Kikuu cha Peking.

Kiingereza na masomo ya juu vilikutana rasmi mwaka 1909. Mwaka uliotangulia, Marekani ilikuwa imeamua kurudisha sehemu ya fidia iliyotozwa China baada ya uasi wa Boxer, kwa sharti kwamba fedha zitumike kuwasomesha Wachina katika vyuo vya Marekani. Mtihani wa kuchagua wa 1909 uliwakutanisha watahiniwa wapatao 630 jijini Beijing, na 47 wakachaguliwa. Katika kundi la mwaka 1910 walikuwamo Hu Shih, aliyekuja kuwa mwanafikra mkubwa wa mageuzi ya fasihi, na Zhao Yuanren, aliyekuja kuwa baba wa isimu ya kisasa ya Kichina. Shule ya kuwaandaa wasafiri hao ilifunguliwa mwaka 1911 kwa jina la Tsinghua, na leo ni miongoni mwa vyuo vikuu vinavyokimbiliwa zaidi na watahiniwa wa kaoyan.

Kirusi, kisha mapumziko ya miaka kumi na miwili

Baada ya mapinduzi ya 1949, China ilijifunza kutoka Umoja wa Kisovieti. Washauri, mitambo na vitabu vya kiada vilitoka Moscow, na Kirusi kikachukua nafasi ya Kiingereza mashuleni na vyuoni. Walimu wengi wa Kiingereza walilazimika kujifunza Kirusi ili waendelee kufundisha. Hali ilianza kugeuka nusu ya pili ya miaka ya 1950, na uhusiano wa Beijing na Moscow ulipoharibika, Kiingereza kilirudi. Mpango wa miaka saba wa elimu ya lugha za kigeni uliotolewa mwaka 1964 ulikitangaza kuwa lugha ya kwanza ya kigeni.

Mpango huo haukupata muda wa kuzaa. Mwaka 1966 Mapinduzi ya Utamaduni yalisimamisha mitihani ya vyuo, na upokeaji wa wanafunzi wa uzamili ukakoma. Kujua lugha ya kigeni kuligeuka kuwa sababu ya kushukiwa. Mwaka 1973, katika shule moja ya wilaya ya Tanghe, jimboni Henan, mwanafunzi aliandika kwenye karatasi yake ya Kiingereza kwamba hakuona haja ya lugha hiyo. Akakaripiwa na baadaye akajiua. Mwanzoni mwa 1974 Jiang Qing, mke wa Mao Zedong, aliligeuza tukio hilo kuwa kampeni ya kisiasa dhidi ya shule na walimu.

Hata hivyo lugha haikuzimika kabisa. Shanghai ilirudisha masomo ya Kiingereza redioni mwanzoni mwa miaka ya 1970, baada ya ziara ya Rais Nixon wa Marekani. Mwaka 1975 kundi la wasomi wa jiji hilo, Lu Gusun akiwa mmoja wao, lilitoa kamusi mpya ya Kiingereza na Kichina ambayo ilitumiwa sana kwa miaka mingi. Vitabu vya Profesa Xu Guozhang, vilivyoanza kutoka mapema miaka ya 1960, viliendelea kusomwa kwa siri na wale waliokuwa wamevihifadhi. Watu hao, waliojifunza peke yao mashambani na viwandani bila kumsikia mwenye lugha akizungumza, ndio walioufikia mtihani wa 1978 wakiwa na kitu mkononi.

Mwaka 1978

Deng Xiaoping aliporudi madarakani mwaka 1977 alisimamia mwenyewe masuala ya sayansi na elimu. Mtihani wa kuingia vyuo vikuu ulifanyika tena Desemba mwaka huo, ukiwa na watahiniwa wapatao milioni 5.7. Upokeaji wa wanafunzi wa uzamili ulifuata: mtihani ulifanyika Mei 1978, walijitokeza watu wapatao 63,500, na 10,708 wakapokelewa. Kwa kuwa mlango ulikuwa umefungwa kwa miaka kumi na miwili, waliruhusiwa hata watu wa karibu miaka 40. Katika chumba kimoja waliweza kukaa mhandisi aliyemaliza chuo kabla ya 1966 na kijana aliyejisomea usiku baada ya kazi ya shamba.

Msukumo wa wakati huo ulikuwa pengo la sayansi. Watafiti wa China walikuwa wamekosa zaidi ya muongo mmoja wa machapisho ya kimataifa, na sehemu kubwa ya machapisho hayo ilikuwa kwa Kiingereza. Mwaka 1980 Kamati ya Kudumu ya Bunge ilipitisha kanuni za shahada, zilizoanza kutumika tarehe 1 Januari 1981. Taratibu za utekelezaji zilizotolewa mwaka huo zilieleza waziwazi kilichotakiwa: mwenye shahada ya uzamili aweze kusoma kwa wepesi wa kutosha maandishi ya fani yake kwa lugha moja ya kigeni. Kwa shahada ya uzamivu zilitakiwa lugha mbili, ya kwanza kwa kusoma vizuri pamoja na uwezo fulani wa kuandika. Kuzungumza hakukutajwa.

Sharti hilo lilikuwa la busara kwa wakati wake. Mtafiti wa kawaida wa China ya 1981 hakutarajia kukutana na mgeni kazini, wala kusafiri. Alitarajia kufungua jarida lililofika maktaba likiwa limechelewa miezi kadhaa, akiwa na kamusi kando. Mtihani ulipima kazi ambayo angeifanya kweli.

Karatasi na mabadiliko yake

Kuanzia 1980 karatasi ya lugha ya kigeni ikawa moja kwa nchi nzima. Karatasi za miaka ya mwanzo zilijaa sarufi: kujaza vihusishi vilivyoachwa wazi, kuweka vitenzi katika njeo sahihi, kusahihisha makosa, kutafsiri sentensi kutoka Kichina kwenda Kiingereza na aya kutoka Kiingereza kwenda Kichina. Polepole maswali ya ufahamu yalichukua nafasi kubwa zaidi, na insha nayo ikaongezwa.

Mageuzi makubwa yalikuja mwanzoni mwa karne hii. Mwaka 2002 sehemu ya maswali ya moja kwa moja ya sarufi na msamiati iliondolewa, na mahali pake pakawekwa mtihani wa kusikiliza. Lilikuwa jaribio la kukiondoa Kiingereza cha kaoyan kwenye ukurasa. Lilidumu mitihani mitatu tu: 2002, 2003 na 2004. Kusikiliza hudai vyombo vinavyofanya kazi sawasawa katika kila ukumbi wa nchi kubwa mno, na mtahiniwa wa mji mdogo hana mazoezi sawa na yule wa Shanghai. Kuanzia 2005 sehemu hiyo iliondolewa, na upimaji wa kusikiliza na kusema ukaachiwa vyuo vyenyewe katika usaili wa hatua ya pili.

Mwaka huohuo wa 2005 uliongeza sehemu ya pili ya ufahamu, inayomtaka mtahiniwa kurudisha sentensi au aya mahali pake au kuoanisha vichwa vya habari na aya, pamoja na uandishi mfupi wa barua na matangazo. Sura hiyo ndiyo iliyobaki. Hadi leo vitabu vingi vya mazoezi huuchukua mwaka 2005 kama mpaka: mitihani ya kabla yake ni ya kupashia mwili moto, na ya baada yake ni ya kusomwa neno kwa neno.

Mwaka 2010 karatasi iligawanywa mara mbili. Kiingereza cha Kwanza kinawalenga hasa wanaoelekea kwenye utafiti, na Kiingereza cha Pili kinawalenga wanaosomea shahada za kitaaluma kama uongozi wa biashara na uhasibu, ingawa baadhi ya shahada hizo hutumia karatasi ya kwanza. Katika Kiingereza cha Kwanza, zoezi la kujaza nafasi 20 lina alama 10. Sehemu ya kusoma ina alama 60: habari nne zenye maswali 20 ya alama mbilimbili, zoezi la kupanga aya la alama 10, na tafsiri ya sentensi tano ngumu kwenda Kichina, alama 10. Alama 30 zilizobaki ni za uandishi, 10 kwa andiko fupi la maneno kama 100 na 20 kwa insha ya maneno 160 hadi 200, ambayo kwa desturi hueleza mchoro au picha na kutoa maana yake. Habari nne za ufahamu zikijumlishwa hufikia maneno kama 1,600.

Habari hizo huchukuliwa kutoka magazeti na majarida halisi ya Uingereza na Marekani kisha kufupishwa. The Economist, The Guardian na Nature ni miongoni mwa yaliyotumika. Mada ni za aina ileile mwaka hadi mwaka: maamuzi ya mahakama za Marekani, hali ya vyombo vya habari, sera za elimu, maadili ya sayansi, uchumi wa makampuni. Kwa hiyo mtahiniwa wa Gansu au Yunnan huweza kujua mengi kuhusu Mahakama Kuu ya Marekani kabla hajawahi kuzungumza na Mmarekani.

Orodha ya maneno

Mwongozo rasmi wa mtihani huambatanisha orodha ya maneno yapatayo 5,500 ambayo mtahiniwa anatakiwa kuyajua. Orodha hiyo ndiyo uti wa mgongo wa maandalizi yote. Kwa kuwa imechapishwa, inaweza kukaririwa. Na kwa kuwa inaweza kukaririwa, anayeshindwa huhesabiwa kuwa hakufanya bidii.

Vitabu vya mwanzo viliyapanga maneno kwa alfabeti, kila neno na maana yake ya Kichina kando. Mpangilio huo ulikuwa na kasoro iliyojulikana na kila mwanafunzi: watu walianza upya kila walipokata tamaa, wakazijua herufi za mwanzo barabara na zile za mwisho wasizifikie kamwe. Tena maneno yanayofanana tahajia yalikaa pamoja na kuchanganyana kichwani.

Njia tatu zilibuniwa kuondoa tatizo hilo. Ya kwanza ni mizizi na viambishi: mwanafunzi hufundishwa vipande vya Kilatini na Kigiriki ambavyo Kiingereza kimevirithi, ili maneno mengi yafunguke kwa ufunguo mmoja. Ya pili ni uhusishaji, yaani kulifunga neno la Kiingereza kwenye sauti ya Kichina au kisa cha kuchekesha, hata kama kisa hicho hakina uhusiano wowote na asili ya neno. Walimu wa isimu waliikejeli njia hii, lakini wanafunzi waliipenda. Ya tatu ni takwimu za mitihani iliyopita: maneno hupangwa kwa kuangalia yametokea mara ngapi, na maana inayofundishwa kwanza ni ile iliyotumika mtihanini. Kitabu na mihadhara ya mwalimu Zhu Wei, vijulikanavyo kwa jina la Lianlian Youci, vilijipatia wafuasi wengi kwa njia hiyo.

Njia zote tatu zilisindikizwa na ratiba ya kurudia. Mwanasaikolojia wa Ujerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha mwaka 1885 majaribio aliyojifanyia mwenyewe kuhusu kusahau, akaonyesha kwamba sehemu kubwa ya kilichokaririwa hupotea mapema, kisha kasi ya kusahau hupungua. Jina lake halitajwi sana nje ya vitabu vya saikolojia, lakini nchini China mchoro wake ulichapishwa ndani ya vitabu vingi vya msamiati, pamoja na jedwali la siku za kurudia kila fungu la maneno. Programu za simu zilipokuja, Shanbay mwaka 2011 na Baicizhan mwaka 2012, zilichukua kanuni hiyo na kuiachia mashine ihesabu siku. Mwanafunzi huona picha au sentensi, huchagua maana, na neno alilokosea humrudia baada ya muda mfupi.

Mazoezi ya kusoma

Kujua maneno hakukutosha. Sentensi za majarida ni ndefu, zina vishazi ndani ya vishazi, na Kichina hupanga maelezo kwa namna tofauti: kinachofafanua nomino hutangulia nomino yenyewe, wakati Kiingereza hukiburuta nyuma. Kwa sababu hiyo, uchambuzi wa sentensi ndefu umekuwa somo linalojitegemea katika maandalizi ya kaoyan, lenye vitabu na walimu wake. Mwanafunzi hufundishwa kutafuta kwanza kitenzi kikuu, kutenga vishazi tegemezi kwa mabano, kisha kuijenga upya sentensi kwa Kichina. Ni mbinu iliyorithiwa kutoka madarasa ya sarufi na tafsiri ya miaka ya 1960, na inaisaidia moja kwa moja sehemu ya tafsiri.

Zoezi kuu ni mitihani iliyopita. Utaratibu unaofuatwa na wengi ni kufanya habari moja kwa muda uliopangwa, kusahihisha, kisha kuirudia polepole: kutafsiri kila sentensi, kuandika kila neno lisilojulikana, na kueleza kwa nini kila chaguo lisilo sahihi si sahihi. Watahiniwa hupitia seti za miaka mingi mara mbili au tatu. Vitabu vya maelezo ya aina hiyo vyenye majalada ya manjano, vinavyohusishwa na jina la Zhang Jian, vimekuwa miongoni mwa vinavyojulikana zaidi katika maktaba za vyuo.

Walimu wa tuisheni waliyagawa maswali katika mafungu: la jambo mahususi, la kudokeza, la wazo kuu, la maana ya neno katika muktadha, la kusudi la mfano, na la msimamo wa mwandishi. Majibu ya kupotosha nayo yakapewa mafungu: linalobadilisha mhusika, linalotia chumvi kwa maneno ya “daima” na “pekee”, na lile lililo kweli katika habari lakini halijibu swali. Ustadi huu ni wa kweli, na unamfundisha mtu kusoma kwa uangalifu. Lakini pia unamfundisha kumsoma mtunga mtihani zaidi ya mwandishi wa habari, na mwanafunzi hodari wa mbinu huweza kupata jibu bila kuielewa aya nzima.

Mwaka wa maandalizi una majira yake. Miezi ya masika ni ya maneno na sarufi. Kiangazi ni cha ufahamu na mitihani iliyopita. Usajili hufanyika vuli, na tangu hapo insha na siasa hupewa nguvu. Wiki za mwisho ni za kukariri vielelezo vya insha. Matokeo hutoka mwishoni mwa majira ya baridi.

Biashara ya tuisheni

Soko la maandalizi lilianza na mitihani ya kwenda ng'ambo. TOEFL ilianza kufanyika China mwaka 1981, na mtihani wa Marekani wa uzamili, GRE, ukawa lango la vijana wa sayansi. Mwaka 1993 Yu Minhong, aliyekuwa mhadhiri wa Kiingereza wa Chuo Kikuu cha Peking, alianzisha jijini Beijing shule ya New Oriental. Alibandika matangazo mwenyewe mitaani, na madarasa yake yalifikia mamia ya wanafunzi katika ukumbi mmoja, wakifundishwa na walimu waliochanganya somo na mzaha. Kitabu chake cha msamiati wa GRE, maarufu kwa jalada jekundu, kilieneza njia ya mizizi na uhusishaji; baadaye kikaja kitabu cha aina hiyo kwa ajili ya kaoyan.

Mafanikio hayo yalileta kesi. Mwaka 2001 taasisi ya Marekani inayomiliki GRE na TOEFL, ETS, iliishtaki New Oriental kwa kunakili na kuuza maswali yake. Mahakama ya Beijing iliamuru fidia mwaka 2003, na rufaa ya mwaka uliofuata ikaipunguza bila kufuta hatia ya hakimiliki. Shule hiyo haikuanguka: Septemba 2006 hisa zake ziliorodheshwa katika soko la New York. Kwa kaoyan tatizo hilo halikujitokeza kwa sura hiyo, kwa sababu vitabu vya mitihani iliyopita vilichapishwa na kuuzwa wazi, na ndiyo maana mitihani hiyo ikawa malighafi ya kila mwalimu.

Thamani ya mtihani ilivutia pia udanganyifu wa vifaa vya mawasiliano na uvujishaji wa maswali. Marekebisho ya tisa ya sheria ya jinai, yaliyoanza kutumika tarehe 1 Novemba 2015, yaliufanya mpango wa udanganyifu katika mitihani ya taifa kuwa kosa la jinai, lenye kifungo kinachoweza kufika miaka saba.

Upinzani

Malalamiko makubwa dhidi ya karatasi ya Kiingereza yalitoka kwa wasanii. Kila mtahiniwa lazima afikie alama ya chini ya kila somo pamoja na jumla, na alama hizo hutangazwa na Wizara ya Elimu kwa kila fani. Majimbo kumi ya magharibi na ya pembezoni hupewa kiwango cha chini kidogo, na vyuo 34 hujipangia vyenyewe. Alama ya chini ya Kiingereza mara nyingi ni chini ya nusu ya alama zote, lakini mchoraji hodari asiye na Kiingereza hawezi kuifidia kwa picha zake.

Mchoraji Chen Danqing, aliyerudi kutoka New York na kualikwa kufundisha Chuo Kikuu cha Tsinghua mwaka 2000, aliona wanafunzi aliowataka wakikataliwa mwaka baada ya mwaka kwa alama za Kiingereza na siasa. Aliomba kujiuzulu mwaka 2004, na habari zilipotangazwa mwaka uliofuata zikazua mjadala wa taifa. Mwaka 2005 pia, He Weifang, profesa wa sheria wa Chuo Kikuu cha Peking, alitangaza kuacha kupokea wanafunzi wa uzamili kupinga namna mtihani ulivyotungwa. Watetezi wa mtihani walijibu kwa hoja nzito pia: mwalimu akiachiwa kuchagua peke yake, mtoto wa mkulima asiyejuana na mtu atatokea wapi? Karatasi ilibaki.

Umati

Hoja ya usawa ilipata nguvu kwa sababu ya idadi. Mwaka 1999 serikali ilipanua ghafla nafasi za vyuo vikuu. Wanafunzi wapya waliongezeka kutoka karibu milioni 1.08 mwaka 1998 hadi karibu milioni 1.6. Kundi hilo lilipohitimu mwaka 2003 lilikuta ajira haba, na kaoyan ikawa njia ya kuahirisha soko la kazi au kuliingia na cheti kizito zaidi. Waliojiandikisha walikuwa 155,000 mwaka 1995, 460,000 mwaka 2001, milioni 1.4 mwaka 2010, milioni 3.41 mwaka 2020, na milioni 4.74 kwa mtihani wa 2023. Baada ya kilele hicho walishuka hadi milioni 4.38 kwa 2024 na milioni 3.88 kwa 2025.

Vyuo kadhaa vya majimboni vilijipatia sifa kwa maandalizi haya. Chuo Kikuu cha Ualimu cha Qufu, jimboni Shandong, katika mji alikozaliwa Konfusio, kilitajwa sana magazetini kama kambi ya kaoyan, kwa jinsi wanafunzi wake walivyojitia katika mtihani huo tangu mapema. Kwingineko wanafunzi hupanga foleni alfajiri kugombea viti vya maktaba, na wanaokosa hukariri maneno kwa sauti kwenye korido na ngazi, shuka mabegani wakati wa baridi.

Mazingira yaliyoizaa karatasi ya 1980 yamekwisha. Majarida yanapatikana kwenye simu, mashine hutafsiri makala kwa sekunde, na mtafiti wa China huhudhuria mikutano ya kimataifa na kuandika kwa Kiingereza. Wengi wa wanaofanya mtihani hawatakuwa watafiti, na karatasi ya Kiingereza kwao ni chujio la kupunguza umati. Chujio hilo hupima ustahimilivu, kumbukumbu na usomaji wa makini, na hupima hayo vizuri, kwa gharama nafuu na kwa usawa unaoaminika na jamii. Halipimi kama mtu anaweza kuitumia lugha pamoja na watu, kwa sababu halikuundwa kwa kazi hiyo, na jaribio pekee la kuligeuza, lile la 2002, lilidumu mitihani mitatu.